Mguu Unapoanza Kuburuzwa: Vinundu vya Mifupa kwa Watoto Wetu

KIPINDI CHA AFYA. MAANDISHI YA KIPINDI
Muda: dakika 20 pamoja na muziki
Msomaji: mtangazaji mmoja

(Muziki wa kufungulia unapanda, kisha unashuka taratibu.)

Nakusalimu wewe uliyeko Nyarugusu hapa Tanzania, wewe wa Kakuma kule Kenya, wewe wa Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, na wewe wa Dzaleka kule Malawi. Nakusalimu pia wewe ambaye redio yako imeishiwa betri, na maneno haya unayasoma kwenye karatasi. Kama una mtoto karibu, mwite akae nawe, kwa sababu baadaye nitakuomba umfanyie jaribio dogo.

Leo tunazungumzia vinundu vigumu vinavyoota kwenye mifupa ya watoto. Si majipu. Si mtoki. Ukivibonyeza havibonyei, kwa sababu ni mfupa ulioota juu ya mfupa. Vingi vinakaa tu mwilini bila kumsumbua mtoto sana. Lakini kuna wakati kinundu kinakua mahali pabaya, kinaukandamiza mshipa wa fahamu, na mtoto anaanza kuburuza mguu au mkono wake unakosa nguvu.

Basi neno la leo ni hili: kinundu kinaweza kusubiri, lakini mguu unaoburuzwa hausubiri. Narudia. Kinundu kinaweza kusubiri, lakini mguu unaoburuzwa hausubiri.

Mimi si daktari. Nimemaliza sekondari tu, tena hapahapa kambini. Mambo ya kitabibu nimeyapitia na tabibu kabla ya kukuletea. Lakini hadithi nitakayoanza nayo sikuisoma popote. Ni ya nyumbani kwetu.

(Muziki mfupi.)

Mdogo wangu alikuwa na miaka 10. Jambo la kwanza tuliloona ni kandambili. Kila siku alikuwa anapoteza kandambili ya mguu wa kulia. Anatoka nayo, anarudi bila. Mama alimgombeza, akasema mtoto huyu hajui kwamba vitu vinanunuliwa. Tukanunua nyingine, nayo ikapotea kwenye tope njia ya kwenda bombani.

Kisha tukaanza kuusikia mguu wenyewe. Akitembea, mguu wa kushoto ulikuwa kimya, wa kulia unapiga chini: pa, pa, pa. Watoto wenzake wakamwita Bata. Mimi kaka yake nilifanya nini? Siku moja tulikuwa tumebeba maji, akabaki nyuma, nikamwambia aache uvivu. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Leo nalisema hili redioni kwa sababu najua wako kaka na dada wengine wanaosema maneno hayohayo jioni hii.

Siku moja akaanguka mpirani. Tukampeleka zahanati. Tulipoulizwa, tukasema ameanguka mpirani. Akafungwa bendeji, akapewa dawa ya maumivu, tukarudi. Tulisema kweli, lakini tulisema nusu. Hakuburuza mguu kwa sababu alianguka. Alianguka kwa sababu tayari alikuwa anaburuza mguu.

Majirani wakaanza kusema lao. Wengine walisema mtoto ametupiwa kitu. Wengine walimtazama mama kwa jicho baya. Mzee mmoja anayekanda watu mifupa akamkanda mguu kwa mafuta ya moto kwa wiki mbili. Mtoto alilia sana siku za mwanzo. Baadaye akaacha kulia, tukafurahi, tukadhani anapona. Kumbe alikuwa hasikii tena vizuri juu ya mguu. Ganzi ilikuwa imeongezeka.

Sasa sikiliza tulichokuwa tunakificha. Chini ya goti la mdogo wangu, upande wa nje, palikuwa na kinundu. Tulikijua tangu akiwa na miaka minne. Kilianza kama punje ya hindi, kikafika kama yai la kuku. Hatukukitaja zahanati. Hatukukitaja kwa sababu baba anavyo vinundu kwenye mikono na karibu na magoti, na mimi ninavyo. Kijijini kwetu, huko Kivu ya Kusini, watu walisema ni laana ya ukoo. Baba yangu huvaa shati la mikono mirefu hata jua liwe kali namna gani. Kwa hiyo nyumbani kwetu vinundu vilionekana kila siku, lakini havikuzungumzwa.

Mara ya tatu baba alikwenda zahanati mwenyewe, nikamsindikiza. Tabibu aliyekuwepo siku hiyo alimpapasa mtoto mguu mzima, akafika kwenye kile kinundu, akauliza: "Mzee, nyumbani kuna mwingine mwenye uvimbe kama huu?" Baba alinyamaza. Nilidhani atasema hapana. Kisha akafungua kifungo, akakunja mkono wa shati mpaka juu. Nami nikapandisha suruali yangu. Siku ileile karatasi ya rufaa ikaandikwa.

(Muziki mfupi.)

Ndugu msikilizaji, hali hii ni nini?

Wataalamu huita kinundu cha namna hii osteokondroma. Mtu anaweza kuwa nacho kimoja tu, na hilo hutokea kwa watu wengi kuliko unavyodhani. Lakini kuna familia ambazo mtu mmoja anakuwa na vinundu vingi: kwenye magoti, mabega, viwiko, vifundo vya miguu, mbavu. Huo ni ugonjwa wa kurithi, tena wa nadra. Inakadiriwa kuwa unampata mtu 1 kati ya watu 50,000 hivi. Ndiyo maana mhudumu wa afya anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuuona. Usimlaumu. Msaidie kwa kumwambia yote unayoyajua.

Mtoto anakua kwa urefu karibu na ncha za mifupa yake. Kwenye ugonjwa huu, sehemu ndogo ya ukuaji huo inapotea njia. Badala ya mfupa kwenda juu, kipande kinakwenda pembeni na kuota kama kichipukizi. Juu yake kuna kofia ya gegedu. Gegedu ni ile nyama nyeupe ngumu inayoteleza unayoiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Mtoto akikua, kinundu nacho kinakua. Mtoto akimaliza kukua, kinundu nacho kwa kawaida kinasimama.

Wengi huonekana kabla ya kufika miaka 12. Baadhi yao huwa wafupi kidogo, au mguu mmoja unapita mwingine, au mkono unapinda. Mimi mkono wangu wa kushoto hauwezi kugeuka kiganja kikatazama juu vizuri. Ukinipa karanga, nusu zinamwagika. Lakini naandika, nalima, na natangaza.

Sasa, unatoka wapi? Unatokana na hitilafu kwenye jeni, yaani ile kumbukumbu ya mwili ambayo mtoto anaipokea kwa baba na mama. Jeni zinazohusika sana zinaitwa EXT1 na EXT2. Mzazi mmoja akiwa na ugonjwa huu, baba au mama, kila mimba ni kama kurusha sarafu: mtoto anaweza kurithi, anaweza asirithi. Sarafu haikumbuki ilivyoangukia jana. Mtoto wa kwanza akirithi, haina maana wa pili amesalimika. Sisi tumezaliwa watano. Wawili tunavyo, watatu hawana. Na takriban familia 1 kati ya 10, hakuna mzazi mwenye vinundu. Hitilafu imeanza kwa mtoto mwenyewe.

Kwa hiyo mama, hukukosea chochote ulipokuwa na mimba. Hakuna chakula ulichokula wala safari uliyoikimbia vitani iliyoleta vinundu hivi. Baba, hakuna aliyekulaani. Na wewe jirani, hali hii haiambukizi. Mwache mtoto acheze na wenzake, ale nao sahani moja.

(Muziki mfupi.)

Sasa tufike kwenye mshipa wa fahamu. Usichanganye na mshipa wa damu. Mshipa wa fahamu ni kama waya. Unapeleka amri kutoka kichwani kwenda kwenye msuli, na unarudisha habari za joto, baridi na maumivu.

Shika mguu wako chini ya goti, upande wa nje. Utagusa kijifupa kilichojitokeza kama kifungo. Hapo ndipo mwanzo wa ule mfupa mwembamba ulio pembeni ya ugoko. Mshipa mmoja muhimu wa fahamu unazunguka hapo, karibu sana na ngozi. Kazi yake ni kuinua ncha ya mguu na vidole, na kuleta habari kutoka juu ya mguu. Kinundu kikiota hapo, mshipa huo hauna pa kukimbilia. Unakuwa kama mpira wa maji uliokanyagwa na tairi. Bomba liko wazi, lakini maji hayafiki. Mtoto anataka kuinua mguu, amri haifiki.

Basi tufanye jaribio. Mwite mtoto mwenye vinundu. Mwambie atembee kwa visigino tu, ncha za miguu ziwe juu. Mtazame hatua 10. Ncha zote mbili zinainuka sawa? Au moja inaanguka? Kisha akae, afumbe macho. Mguse taratibu kwa unyoya wa kuku au kipande cha kitambaa juu ya mguu mmoja, halafu mwingine. Anasikia sawa pande zote? Sasa mikono. Mwambie anyooshe mikono mbele na ainue viganja kama anayemsimamisha dereva. Viganja vyote vinainuka? Kidole kidogo kina ganzi?

Jaribio hili halichukui nafasi ya tabibu. Linakusaidia wewe kujua lini uende mbio. Lifanye mara moja kila mwezi mpaka mtoto amalize kukua.

Sasa chukua kalamu. Mpeleke mtoto kituo cha afya bila kungoja ukiona moja ya haya:

Moja, anaburuza mguu, au kandambili inamtoka mguu uleule kila mara.

Mbili, ana ganzi, anahisi kuwashwa kama kuchomwa sindano, au mkono hauna nguvu ya kushika kikombe.

Tatu, mguu au mkono wenye kinundu unakuwa wa baridi, unabadilika rangi au unavimba. Hapo huenda mshipa wa damu ndio unaobanwa.

Nne, maumivu yanamwamsha usiku, au kinundu kimekua haraka.

Tano, na hili ni la dharura, siku hiyohiyo, hata kama ni usiku: miguu yote miwili inalegea, au mtoto anashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa. Mara chache kinundu huota kwenye uti wa mgongo na kubana uti wenyewe. Hapo kila saa ina thamani.

Ukifika kwa tabibu, usiseme nusu kama sisi. Mwambie mambo matatu. Kwanza, vinundu viko wapi, vyote, hata vile visivyouma. Pili, nani mwingine katika ukoo anavyo. Tatu, mguu au mkono ulianza kubadilika lini. Andika tarehe. Kama hujui kuandika, mwombe mtoto wa shule akuandikie. Kama lugha ya tabibu inakupa shida, omba mkalimani. Ni haki yako kueleweka.

Na kuna mambo ya kutofanya. Usikande kinundu, usikifunge kwa kamba, usikichanje kwa wembe, usikichome kwa chuma cha moto. Kinundu hakiyeyuki kwa kukandwa. Kinachoumia ni mshipa uliobanwa kati ya mfupa na kidole cha mkandaji. Ninamheshimu yule mzee, alitaka kutusaidia. Lakini mfupa huu hauhitaji mikono yake.

(Muziki mfupi.)

Mdogo wangu alipata kibali cha kutoka kambini, akaenda na mama hospitali kubwa. Alipigwa eksirei, na kinundu kilionekana wazi kama tawi la mti. Akapewa dawa ya usingizi, daktari wa mifupa akaukwepesha mshipa kwa uangalifu, akakata kinundu.

Mama aliporudi, watu walikuja kumsalimu wakitarajia kuona mtoto anakimbia. Hakukimbia. Ncha ya mguu ilikuwa bado imelala. Maneno yakaanza upya. Daktari alikuwa amemweleza mama mapema, na maelezo hayo ndiyo yaliyomshika. Mshipa wa fahamu ukibanwa muda mfupi, unaweza kurudi vizuri. Ukibanwa muda mrefu, nyuzi zake za ndani zinakufa, na kuota tena kwake ni polepole, takriban milimita 1 kwa siku. Hiyo ni kama sentimita 3 kwa mwezi. Sisi tuliuacha ubanwe karibu miezi sita.

Leo umepita mwaka mmoja na nusu. Mdogo wangu anainua mguu, lakini si kama ule mwingine. Kidole gumba bado ni kizito. Akienda shule anavaa kifaa cha plastiki ndani ya kiatu kinachoshikilia ncha ya mguu. Kila jioni mama anamtazama mguu juu na chini, kwa sababu mahali penye ganzi anaweza kuchomwa na mwiba asijue. Kandambili hazipotei tena. Lakini ile miezi sita hakuna wa kuturudishia. Ndiyo sababu niko hapa leo.

(Muziki mfupi.)

Tujibu maswali ambayo watu huniuliza tangu mdogo wangu arudi.

La kwanza: je, hii ni saratani? Hapana. Vinundu hivi si saratani. Ni kweli kwamba kwa watu wachache, takriban 2 hadi 5 kati ya 100 wenye vinundu vingi vya kurithi, kinundu kimoja huweza kugeuka saratani, hasa ukubwani. Kwa hiyo mtu mzima ambaye kinundu chake kinaanza kukua tena au kuuma wakati yeye mwenyewe ameshamaliza kukua, aende akaangaliwe. Baba yangu sasa anajua hilo.

La pili: kuna dawa ya kuviyeyusha? Hakuna. Kinachoondoa kinundu ni upasuaji. Lakini si kila kinundu hukatwa. Hukatwa kinachouma, kinachobana mshipa, au kinachopindisha mfupa. Vingine vinaachwa na kuangaliwa. Na kwa mtoto ambaye bado anakua, kinundu kilichokatwa huweza kuota tena, kwa hiyo usiache kwenda kliniki baada ya upasuaji.

La tatu: tukirudi nyumbani, au tukipelekwa nchi nyingine, itakuwaje? Beba picha ya eksirei na karatasi za hospitali. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mgao na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Daktari wa huko mbele hatamjua mtoto wako. Karatasi hizo ndizo zitakazomweleza kinundu kilikuwa na ukubwa gani na kilikatwa lini.

La nne ni swali langu mwenyewe: kijana mwenye vinundu anaweza kuoa? Nina mchumba. Nilikaa miezi mingi bila kumwonyesha magoti yangu. Baada ya baba kukunja shati mbele ya tabibu, niliona aibu kuendelea kuficha. Nikamweleza yote: vinundu, jeni, na ile sarafu. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Na mtoto akiwa navyo, tutajua cha kufanya?" Nikamwambia tutajua, kwa sababu sasa tunajua wapi pa kutazama. Sikwambii na wewe uamue nini. Nakwambia tu, mwenzako aambiwe kabla, asije akagundua mwenyewe.

Ndugu msikilizaji, muda umekwisha. Walio kwenye vikundi vya kusikiliza, jadilini maswali haya mawili. Moja: katika zoni yetu kuna mtoto anayeitwa mvivu, na kumbe mguu wake haupokei amri? Mbili: ni ugonjwa gani katika ukoo wetu tunaouficha chini ya mikono mirefu ya shati, na nani anaumia kwa kuuficha?

Kinundu kinaweza kusubiri. Mguu unaoburuzwa hausubiri. Kesho asubuhi, mtoto akitoka kwenda bombani, usitazame ndoo tu. Tazama na kandambili zake.

Nilikuwa nawe mimi mtangazaji wako. Usiku mwema, na Mungu akipenda tukutane wiki ijayo.

(Muziki wa kufungia unapanda mpaka mwisho.)